Kumkumbuka Nyaatha wa Gikondi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetuagiza tuseme maneno machache juu ya mtawa wa zamani, Sista Irene Stefani, ambaye watu wa Nyeri walimpa jina la Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Twajua kwamba si sote tulioketi humu tulio Wakatoliki. Wako miongoni mwetu ambao hawajapata kuingia kanisani mwao ila siku ya arusi ya jirani. Wala hatukuja kuhubiri. Tumemchagua kwa kuwa kazi aliyoifanya ndiyo kazi ambayo chama hiki kiliundwa kuifanya: kumtazama mgonjwa aliye mbali na kwao, kumsitiri maiti, kumsomesha mtoto, na kumpelekea mama habari za mwanawe.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti, 1891, katika kijiji cha Anfo, nchi ya Italia. Mwaka 1911 aliingia shirika la Masista wa Consolata, ambalo wakati huo lilikuwa changa sana, nalo likampeleka Kenya mwanzoni mwa 1915. Alikuja kufundisha, akakuta vita.

Tukisema vita, wazee mwajua ni vita gani. Ni vile vya 1914 hadi 1918, walivyopigana Waingereza na Wajerumani, na mizigo yake wakabebeshwa babu zetu. Hasa mwaka 1917 watu walichukuliwa vijijini kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu. Mtaa wa Kariokor katika Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam, ni majina yaliyobaki ya wapagazi hao. Katika waliotoka nchi yetu walikufa zaidi ya 40,000, na wengi wao si kwa risasi, bali kwa kuhara damu, homa, kichomi na uchovu wa njia.

Sista Irene alihudumu katika hospitali za wapagazi hao: Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, mpaka 1919. Hospitali twaziita kwa heshima tu, maana wagonjwa walikuwa wengi kupita kiasi, na dawa na watumishi walikuwa wachache. Aliwaosha watu wenye vidonda ambavyo wengine hawakuweza hata kuvitazama. Yasimuliwa kwamba huko Kilwa alirudi jioni moja akakuta kitanda cha mgonjwa wake kitupu, akaambiwa amekwisha kufa na kupelekwa pwani pamoja na maiti wengine. Alikwenda kumtafuta miongoni mwao, akamkuta angali anapumua, akamrudisha. Katika wakati ambapo mtu alikuwa hesabu tu katika kitabu cha jeshi, huyu mwanamke mgeni alijua ni nani aliyelala katika kitanda kipi.

Vita vilipokwisha alipelekwa Gikondi, upande wa Mukurwe-ini, akakaa huko miaka kumi, tangu 1920 hadi 1930. Alijifunza Kikuyu, akafundisha shuleni, na saa za shule zikiisha alishika njia kwa miguu, mlima kwa bonde, kuwaona wagonjwa na kuwabembeleza wazazi wawatoe watoto wasome.

Lakini jambo tulipendalo kuliko yote katika habari zake ni barua. Vijana wa Gikondi walikuwa wamekwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi, na mama zao hawakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa akiwaandikia. Mama akisema, yeye akiandika. Na majibu yakija, akiwasomea. Ninyi mliofika mjini miaka ya 1960, mkangoja barua kutoka nyumbani, hamhitaji kuelezwa thamani ya kazi hiyo.

Mwezi wa Oktoba 1930 alimwuguza mwalimu mmoja aliyeshikwa na tauni, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 ya mwezi huo, umri wake miaka 39. Tarehe 23 Mei, 2015, mjini Nyeri, mbele ya umati mkubwa, Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam aliongoza ibada ya kumtangaza kuwa Mwenye Heri.

Sasa twaja kwenye shauri lenyewe. Baadhi yenu mlipendekeza tununue picha yake kubwa tuitundike ukutani. Hatulipingi pendekezo hilo, ila twaona kuna deni la kulipwa kwanza. Halmashauri ya Jumuiya ya Madola itunzayo makaburi ya vita ilikiri mwaka 2021 kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita hivyo hawakuandikwa majina yao popote. Tuliisikia habari hiyo tukakasirika, na ilikuwa haki yetu kukasirika. Kisha tukaulizana sisi wenyewe katika halmashauri yetu: nani ajuaye jina la babu aliyekwenda asirudi? Watu saba tulikuwapo. Wawili tu ndio walioweza kujibu, na mmoja wao hakuwa na hakika. Waliosikia habari hizo kwa masikio yao, kutoka vinywani mwa wajane na ndugu wa wapagazi, ni wazee wetu mlioketi mbele, na kila mwaka karani husoma majina ya mliopungua.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali kununua daftari kwanza, picha baadaye. Daftari moja, kwa kuwa lilikuwa la bei ndogo, mweka hazina amekwisha kulinunua bila kungoja kura, nasi twaomba asamehewe. Liko juu ya meza ya karani, karibu na mlango. Yatakiwa jina la mpagazi, jina la baba yake, kijiji alichotoka, na mahali alipoonekana mara ya mwisho, kama pajulikana. Asiyeweza kuandika aketi na karani, aseme kama akumbukavyo, naye ataandika.