Daftari la Mchezo

Leo tutasoma habari ya mchezo ulioandikwa kwa penseli daftarini.

Marehemu kaka yangu alikuwa fundi wa nyavu hapa Mwanza. Mwaka 2001, nilipokuwa mtoto wa shule, alinunua mashine ya kuchezea michezo katika televisheni. Haikuwa mpya, lakini ilikuwa na vitufe vya herufi kama taipureta. Sisi watoto tulitaka michezo ya kaseti tu, ile ya kuruka na kupiga risasi. Kaka alitaka kutunga wake mwenyewe.

Mashine ile ilifahamu lugha iitwayo BASIC. Lugha hiyo ilitungwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz, walimu wa chuo cha Dartmouth huko Marekani. Walitaka hata mwanafunzi asiyesoma sayansi aweze kuiamuru kompyuta kwa maneno machache. Mwaka 1984 kampuni ya Nintendo ya Japani iliuza lugha hiyo pamoja na vitufe kwa ajili ya mashine yake ya michezo, na baadaye waigaji wakatengeneza mashine za bei nafuu za mfano huo. Ya kwetu ilikuwa ya kuiga. Hata hivyo, ndiyo kompyuta ya kwanza niliyoigusa.

Ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikuhifadhi kitu. Umeme ukikatika, mchezo umepotea. Kwa hiyo kaka aliandika kila mstari katika daftari. Alipofariki, mashine ilitiwa sandukuni. Daftari Mama alilitunza pamoja na hati ya kiwanja. Hakujua kusoma, alijua tu kwamba mwandiko ule ni wa mwanawe.

Mwaka jana Mama alimaliza kisomo cha watu wazima. Jioni moja akaniita.

"Mwanangu, nimejaribu kulisoma daftari la kaka yako. Maneno mengine si Kiswahili. Lakini hapa naona BADO, na hapa UMEPATA. Alikuwa akimwambia nani?"

Basi nikaitoa mashine, nikaifuta vumbi, nikaiunga na televisheni. Ikawaka! Mama akasoma, mimi nikabonyeza vitufe. Tazameni mistari yenyewe:

10 A=RND(10)
20 PRINT "SANGARA YUKO WAPI"
30 INPUT B
40 IF B=A THEN 70
50 PRINT "BADO"
60 GOTO 30
70 PRINT "UMEPATA"

Mstari wa 10 huiambia mashine ichague namba moja, kuanzia 0 mpaka 9, na kuificha. Mstari wa 20 huandika swali kwenye kioo. Wa 30 hungoja jibu lako. Wa 40 hulinganisha: ukipatia, mashine huruka mpaka mstari wa 70. Ukikosa, huandika BADO, kisha mstari wa 60 huirudisha ingoje tena.

Mara ya kwanza mashine ilikataa. Tukarudia kusoma, mstari kwa mstari. Kosa lilikuwa katika mstari wa 60: Mama alisoma "tatu, herufi O," nami nikaandika hivyo hivyo. Sifuri za kaka zilikuwa mviringo kama O, na mashine haijui kukisia. Mama akacheka, akasema, "Mwalimu wetu angemkata alama."

Tukasahihisha. Swali likatokea. Mama akabonyeza 7. BADO. Akabonyeza 2. BADO. Akabonyeza 4, na kioo kikaandika UMEPATA.

Hakusema neno kwa muda. Kisha akaniambia nianze tena, na nisithubutu kuzima.

Kazi yenu ya juma hili: nakilini mistari ile saba, mkitofautisha sifuri na herufi O. Halafu chezeni wawili wawili. Mmoja awe mashine, aandike namba katika karatasi na kuificha. Mwenzake akikisia, mashine ijibu kwa kuandika, si kwa mdomo. Juma lijalo tutasoma barua ya mvuvi wa Ukerewe. Kwaherini.