Rosa Mistika na ukimya wa wazazi

Msikilizaji, ukisimama Nassa, ng'ambo ya Ghuba ya Speke kuna kisiwa cha Ukerewe. Huko Namagondo alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, na huko ndiko ilikoanzia riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971. Ilipigwa marufuku shuleni, kisha miaka ikapita ikaruhusiwa kusomeshwa.

Kezilahabi alitaja waziwazi mambo yaliyosemwa kwa minong'ono: mapenzi ya wasichana, wakubwa wanaowarubuni, utoaji mimba. Lakini kilichouma zaidi, naamini, ni Zakaria, baba yake Rosa. Ni mlevi, na anamcharaza binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, akidhani huko ndiko kulea. Rosa anapotoka nyumbani anaijua fimbo tu, ushauri hajapewa.

Msichana akiharibikiwa, desturi yetu humlaumu yeye na mama yake. Riwaya hii ilimgeukia baba ikamuuliza yeye alifanya nini.

Sheria nayo haikumlinda msichana: mwaka huohuo wa 1971, Sheria ya Ndoa ya Tanzania iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwandishi aliliona mapema tatizo hilo la wasichana kukosa ulinzi.

Baba unayenisikiliza, kisome kitabu hiki pamoja na binti yako. Zungumza naye leo, kabla hajafunzwa na ulimwengu.