Kwa Nini Mtoto Mwenye Unyafuzi Hapewi Supu ya Mafuta

 

Leo tutazungumza juu ya kongosho. Wengi wetu hulisikia tu ugonjwa wa kisukari unapotajwa, kwa sababu ndilo linalotengeneza insulini. Lakini kongosho lina kazi nyingine kubwa: kutengeneza maji ya kusagia chakula. Na maji hayo halimwagi ovyo, hungoja kuambiwa.

Sikiliza jinsi linavyoambiwa. Mtoto akila, chakula hukaa kwanza tumboni, kikachanganywa na asidi kali, kisha kikasukumwa kidogo kidogo hadi kwenye utumbo mwembamba. Ukuta wa utumbo ukiguswa na asidi hiyo hutoa homoni iitwayo sekretini. Homoni ni kama mjumbe. Huyu hupita katika damu mpaka kwenye kongosho, nalo linamwaga maji yenye chumvi ya aina ya magadi, ya kupoza ile asidi. Mjumbe huyu aligunduliwa London mwaka wa 1902 na Bayliss na Starling.

Utumbo ukitambua mafuta na protini, hutuma mjumbe wa pili, kolesistokinini. Usijali jina, hata sisi lilitusumbua shuleni. Huyu huliambia kongosho litoe vimeng'enya, yaani vitu vinavyokatakata chakula mpaka mwili uweze kukitumia. Pia huubana mfuko wa nyongo ili nyongo ishuke kusaidia kuyeyusha mafuta, tena huliambia tumbo lipunguze mwendo. Ndiyo maana ukila nyama ya mafuta unashiba muda mrefu kuliko ukinywa uji mtupu.

Sasa, mama, kwa nini nakueleza haya? Ni kwa ajili ya mtoto mwenye unyafuzi, ambao wengi tunauita kwashioko. Mwaka wa 1948 daktari J.N.P. Davies, aliyefanya kazi Kampala, Uganda, aliandika juu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huu. Katika kongosho zao, zile chembe zinazotengeneza vimeng'enya zilikuwa zimesinyaa.

Fikiria basi. Mjumbe anafika na habari kwamba mafuta yameingia, lakini kongosho halina cha kutosha la kutoa. Mafuta mengi hupita bila kusagwa, na mtoto anazidi kuharisha. Ini lake, moyo na figo navyo vimedhoofika. Mlo mzito wa ghafla unaweza hata kumuua.

Najua nyumbani shosho au kogo atasema, "Huyu hana nguvu, mchinjieni mbuzi apewe supu." Anasema kwa upendo. Usimjibu kwa ukali. Mweleze kwamba tumbo la mtoto huyu bado halina nguvu ya kubeba supu hiyo.

Utamjuaje? Mashavu yake yanaweza kujaa, na majirani wakasema amenona. Usidanganyike. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya kila mguu, pale juu ya wayo, kwa sekunde tatu. Ukiachilia na shimo likabaki kwenye miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Pia nywele huwa nyepesi na kubadilika rangi, ngozi hubambuka, na mtoto huwa mnyonge asiyetaka kucheza wala kula.

Akilazwa hospitalini atapewa maziwa maalumu yaitwayo F-75, kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu, mchana na usiku. Mama wengi hunung'unika wakiona kikombe hakijajaa. Vumilia, mama, wala usimwongezee kwa siri kutoka kwenye chupa ya chai. Kongosho hupata nafuu mtoto anapolishwa taratibu. Hali ikitulia na hamu ya kula ikirudi, ndipo hupewa chakula cha nguvu zaidi, kama ile njugu ya kusagwa ya pakiti. Hiyo ina mafuta, ndiyo, lakini hupimwa kulingana na uzito wake, na mhudumu wa afya ndiye anayeamua aanze lini. Kama ananyonya, endelea kumnyonyesha.

Kwa mtoto mzima wa afya mambo ni tofauti, huyo mafuta anayahitaji. Akitimiza miezi sita usimlee kwa uji wa mahindi mtupu. Tia maziwa, maharagwe yaliyopondwa, yai, au omena iliyosagwa kutoka sokoni, na mafuta kijiko kimoja. Kabla ya miezi sita ni titi tu, kwa maana kongosho la mtoto mchanga hutoa kimeng'enya kidogo sana cha kusaga wanga wa uji.

Ukienda kituoni beba kijitabu cha kliniki. Mwambie nesi miguu ilianza kuvimba siku gani, anaharisha mara ngapi kwa siku, na ni chakula gani amekuwa akila nyumbani, hata kama ni chai na ugali tu. Usione haya kusema. Kwaheri hadi kipindi kijacho.