Mbawakawa wa Frégate na Mwerezi wa Mulanje
Hotuba ya afisa wa mazingira kwa wakazi wa Hurlingham



Mliokuwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtakumbuka fensi za saiprasi zilivyokuwa zikikauka. Waliozikausha ni vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Kabla ya kufika Kenya mwaka wa 1990, walikuwa wameonekana Malawi, 1986. Huko walishambulia pia mwerezi wa Mulanje, mti wa jamii moja na saiprasi na mtarakwa wetu.

Mwerezi huo ndio mti wa taifa la Malawi, na kwa asili humea katika Mlima Mulanje peke yake. Mbao zake haziliwi na mchwa, kwa hivyo zilitafutwa sana kwa ujenzi na mashua. Ukakatwa kwa wizi, na moto ukaunguza miche. Leo umehesabiwa miongoni mwa miti iliyo hatarini kabisa kutoweka.

Sasa mbawakawa. Huyu ni wa kisiwa kidogo cha Frégate, Shelisheli. Urefu wake ni kama sentimita 3, hawezi kuruka, na mchana hujibanza kwenye nyufa za magome ya miti. Mwaka wa 1995 panya wakaingia kisiwani. Hebu fikirieni! Wachache walipelekwa London wakazalishwe huko, na kufikia mwaka wa 2000 panya wote walikuwa wameangamizwa. Mbawakawa bado yupo.

Mtaniuliza: mdudu na mti, wapi na wapi? Kwangu tofauti kubwa ni muda. Adui wa mbawakawa aliondolewa kwa miaka mitano. Mulanje miche inapandwa kwa wingi, lakini anayeipanda leo huenda asiione ikikomaa.

Ndiyo maana sishawishiki mtu anapotaka kukata mti mzee ili ajenge ghorofa, akaniambia, "Afisa, nitapanda mwingine." Mche hauna magome yenye nyufa. Mti ukianguka, majirani hunipigia simu. Wadudu waliokuwa ndani yake hawana wa kuwapigia.

Kwa hivyo, ombeni idhini ya kaunti kabla ya kukata. Kama mti unatishia nyumba, semeni, tuje tuukague. Na gogo likianguka uani bila kumzuia mtu, liacheni lioze hapo hapo, msilichome.

Nimeuona mkono wa mama pale nyuma. Karibu, uliza.