Mawazo ya Mkimbiaji Aliye Peke Yake

Mtu anapokimbia peke yake, akili yake haitulii mahali pamoja. Dakika za mwanzo hushughulika na mwili: pumzi haijakaa sawa, misuli imekaza, kamba ya kiatu imelegea. Mwendo ukishashika mdundo, miguu hujiendesha yenyewe, na mawazo huanza kutangatanga: deni la dukani, maneno ya jana na ndugu, wimbo wa utotoni.

Chanzo cha hali hiyo kimo ndani ya ubongo. Mwaka 2001, mtafiti wa ubongo Marcus Raichle na wenzake wa Marekani walieleza kuwa baadhi ya sehemu za ubongo huchangamka zaidi mtu asipokuwa na kazi maalumu ya kuifikiria. Sehemu hizo huhusika na kumbukumbu na mipango ya kesho. Kukimbia polepole kwenye njia iliyozoeleka huzipa nafasi. Mkimbiaji akiongeza kasi au akipanda kilima, uchovu huyarudisha mawazo kwenye pumzi na miguu.

Kutangatanga huko kuna manufaa: jambo lililomkwama mtu mezani huweza kufunguka njiani. Lakini kuna hatari pia. Aliyezama mawazoni huchelewa kusikia honi ya bodaboda au kuona shimo. Kwa hiyo, anayekimbia peke yake achague njia salama, akimbie akitazamana na magari, asizibe masikio kwa muziki, na kila afikapo penye kivuko, ayarudishe mawazo barabarani kwanza.