Presha Tuliyoikuta Mjini: Chungu, Mwendo na Usingizi wa Mtu wa Bondeni

Nimeombwa nizungumze juu ya kula na kuishi kwa namna inayorefusha maisha na kuuchangamsha moyo. Nitaanzia mbali kidogo, mwaka 1929, kwa sababu ndio unaonifanya niamini kwamba mengi yanayotuangusha leo katika mtaa wetu huu wa Bondeni, Nakuru, hatukuzaliwa nayo.

Mwaka huo daktari mmoja wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima presha Waafrika wapatao 1,000. Aliutafuta ugonjwa wa presha akaukosa. Tena aliona kwamba watu wale wakivuka miaka 40 presha yao haikupanda kama ya Wazungu wa rika lao, bali ilielekea kushuka. Sasa tuje mwaka 2015. Serikali ilipofanya uchunguzi wa nchi nzima kuhusu maradhi yasiyoambukiza, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikutwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu walisema hawajawahi kupimwa maishani mwao. Wajukuu na vitukuu vya watu wa Donnison wamo ndani ya hesabu hiyo. Damu ya ukoo haigeuki kwa vizazi vitatu. Kilichogeuka ni tunachopika, tunavyotembea na tunavyolala.

Kuna utafiti mwingine wa hapa kwetu ambao ningependa kila mtu wa Bondeni aujue. Katika miaka ya 1980 watafiti, akiwamo daktari Neil Poulter, waliwafuata Waluo waliokuwa wakihama kutoka vijijini kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha ya waliohama ilikuwa imepanda kuliko ya wenzao ndani ya miezi ya mwanzo tu, na mapigo ya moyo wao yalikuwa ya kasi zaidi. Mkojo wao ulipopimwa, sodiamu ilikuwa imezidi na potasiamu imepungua.

Naomba tuyaelewe maneno hayo mawili, maana ndiyo moyo wa mada yangu. Sodiamu ndiyo iliyomo katika chumvi. Ikizidi mwilini, huvuta maji na kuyashikilia, damu ikawa nyingi katika mishipa ileile, na moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu. Potasiamu hufanya kazi kinyume: husaidia figo kuitoa sodiamu na mishipa kulegea. Imo kwenye maharagwe, ndizi, viazi vitamu, viazi vya kawaida, avokado na mboga za majani. Mtu aliyehamia Nairobi alikuwa ameacha sahani yenye vitu hivyo, akaikuta sahani yenye chumvi. Hakuwa amezeeka wala kurogwa. Alikuwa amepanda basi tu.

Na sisi Bondeni tu watu wa kuhamia. Nakuru ilitambuliwa kuwa mji mwaka 1904, reli ikiwa imeshapita, na ikatangazwa kuwa jiji mwezi Desemba 2021. Kwa muda wote huo watu wamekuwa wakiteremka hapa na mizigo yao: Waswahili, Wanubi, Waluhya, Waluo, Wakikuyu, Wakisii, Wakalenjin. Kila mmoja alikuja na chungu chake. Swali langu ni nini kilichoachwa njiani.

Nitoe mfano mmoja ninaoujua kwa pua na ulimi. Nyanya yangu alipopika mrenda au kunde, alitumia musherekha. Wenzetu wasio Waluhya huenda hawaujui. Alichoma mabua na maganda makavu ya maharagwe, akaweka jivu kwenye chombo kilichotobolewa chini, akalimiminia maji polepole, na maji ya kahawia yakadondoka tone kwa tone. Vijiko vichache vya maji hayo viliilainisha mboga na kuipa utamu wake. Jivu la mimea lina potasiamu kwa wingi. Mama alipokuja Nakuru hakuwa na shamba la maharagwe wala mahali pa kuchomea mabua, basi akanunua magadi sokoni. Mboga ililainika vilevile. Lakini magadi, yale yanayochimbwa kule Ziwa Magadi katika Bonde letu hilihili la Ufa, ni sodiamu. Kwa macho na kwa ulimi chakula ni kile kile. Kwa mishipa ya damu mambo yamegeuka kabisa, na mpishi hana habari, kwa sababu magadi hayana ladha kali ya chumvi ya kumwonya.

Magadi yana ubaya mwingine, nao unatuhusu sana watu wa Nakuru. Yana floridi. Ardhi yetu ni ya volkano, na maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yanazidi kipimo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka. Mnajua matokeo yake bila mimi kuyataja; mnayaona kwenye meno ya watoto wetu wanapocheka, na wengine wameshajifunza kucheka wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja. Hilo huniuma. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi huingia hata kwenye mifupa. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, inabaki palepale na kuzidi makali. Maji ya mvua hayana floridi ya kutisha, kwa hiyo mwenye bati safi na mtungi wenye kifuniko amtengee mtoto mdogo maji hayo ya kunywa, akiyachemsha kwanza. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru pia imetengeneza kwa miaka mingi vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyoinasa floridi. Na maharagwe yakilowekwa usiku kucha hayahitaji magadi.

Tuingie jikoni sasa, na tupige hesabu. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima. Nyumba yenye watu wazima watano haitakiwi kuzidi gramu 25 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo, basi, iwafikishe siku 20. Hapo hatujahesabu chumvi iliyofichwa katika mkate, soseji, smoki ya barabarani na unga wa viungo wa pakiti tunaoumwagia mchuzi ilhali chumvi tumeshatia. Nimewauliza akina mama wengi pakiti yao hukaa siku ngapi. Wengi hufikiri kwanza, kisha hunyamaza.

Sukari nayo ina hesabu yake. Gramu 25 kwa siku, takriban vijiko sita vya chai, ndicho kiwango bora kwa mtu mzima. Watu watano, kilo moja, siku nane. Kikombe chenye vijiko vitatu asubuhi na kingine saa kumi, umeshamaliza haki yako kabla ya soda.

Hapa vijana hunijia na swali la wakimbiaji: mbona wao hunywa chai yenye sukari nyingi? Ni kweli. Mwaka 2004 Profesa Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti kuhusu chakula cha wakimbiaji hodari wa Kikalenjin, na wakakuta kwamba sehemu moja kati ya tano ya nguvu yao ilitoka kwenye sukari, nyingi ikiwa ya chai. Lakini mkimbiaji yule huichoma sukari yake barabarani alfajiri na jioni, na kati ya hapo hulala. Anayekaa dukani kuanzia saa mbili hadi saa mbili anakunywa chai ya mkimbiaji bila mbio za mkimbiaji. Tuwaige wakimbiaji, ndiyo, lakini tuanze na ugali wao, managu yao, maziwa yao na usingizi wao.

Juu ya mboga nina furaha zaidi, kwa sababu hapa hatuhitaji kuagiza chochote kutoka mbali. Uchunguzi ule wa 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 94 kati ya 100 hawali matunda na mboga za kutosha, yaani gramu 400 kwa siku. Na sisi tunakaa katikati ya shamba la Kenya! Lare, huko Njoro, kuna malenge yanayosifika hata nje ya nchi. Kandokando ya msitu wa Mau watu hukausha thabai, ule upupu unaochoma mkono ukiwa mbichi na kutulia ukipikwa. Managu, terere, saga na kunde hushuka sokoni kila asubuhi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ambaye utotoni mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, alilelewa kwa mboga hizi, kisha akazitumikia kwa utafiti maisha yake yote, wakati zilipodharauliwa kuwa chakula cha maskini au magugu. Nawaomba tumheshimu mama huyu kwa njia iliyo rahisi: fungu moja la kienyeji kwa kila mafungu mawili ya sukuma. Mwambie mama mboga asikukatie mapema. Osha majani yakiwa mazima, kata, pika kwa muda mfupi, chumvi mwishoni na kidogo, kisha kitunguu, nyanya, dania na limau vifanye kazi ambayo chumvi imezoea kuifanya peke yake.

Na kiazi. Kiazi cha Molo kilichochemshwa na ganda lake ni hazina ya potasiamu. Kiazi hichohicho kikimenywa, kikatumbukizwa kwenye mafuta yaliyotumika tangu juzi na kumwagiwa chumvi, ni kitu kingine. Sisemi mtu asile chipsi maisha yake yote. Nasema zisiwe chakula cha jioni cha mtoto siku nne kwa wiki kwa kuwa kibanda kiko mlangoni.

Tahadhari mbili kabla sijaendelea. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze vyakula vya potasiamu bila kumwuliza daktari, kwani vinaweza kumdhuru. Na aliyeanzishiwa dawa za presha asiziache kwa sababu ya managu. Chakula na dawa ni ndugu. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu mwaka 2023 wamepewa mashine za kupimia presha na sukari, wanatupitia majumbani, tusiwafungie mlango.

Wapo watakaosema mazoea ya watu wazima hayabadiliki. Mimi huwaambia watazame Ramadhani hapa Bondeni. Mwezi ukionekana, usiku mmoja tu mtaa unageuza saa zake zote. Mtu wa chai ya saa nne anaisahau, mvutaji anaiweka sigara mpaka Magharibi, jirani asiyefunga anapunguza moshi wa jiko lake kwa heshima. Mazoea ya miaka yanahama kwa siku moja, kwa sababu yanahama kwa watu wote pamoja. Anayebadilisha sahani yake peke yake ndani ya nyumba ya watu sita huchoka baada ya wiki mbili. Nyumba nzima ikibadilika, hakuna wa kumcheka. Ombi langu kwa wapishi wa futari ni dogo: tende na uji wa wimbi vitangulie, sambusa na kaimati vifuate kwa kuhesabika.

Nimefika kwenye moyo, maana mtu anaweza kula vizuri na bado akaamka hana hamu ya siku. Huko Australia, katika jaribio lililotangazwa mwaka 2017, watu 67 wenye sonona, wengi wao wakiendelea na matibabu, waligawanywa makundi mawili kwa wiki 12. Kundi moja lilisaidiwa kubadili chakula: mboga, matunda, maharagwe, samaki, nafaka zisizokobolewa. Jingine lilipewa mtu wa kuzungumza nao. Karibu theluthi ya wale wa chakula walipata nafuu kamili. Wale wengine walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Ni watu wachache, na sitawaahidi kwamba maharagwe yanaondoa huzuni. Ila tumbo na moyo vinajuana.

Hata hivyo, dawa ninayoitamani zaidi kwa Bondeni ni ya Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda, mtaalamu wa afya ya akili, alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, akiwa na nyanya 14. Waliketi kwenye benchi za mbao nje ya zahanati na kumsikiliza aliyelemewa. Kwa Kishona hali hiyo ya kulemewa huitwa kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi husema nina mawazo, na kila mtu anaelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopitia benchi hizo walipungukiwa na huzuni kwa kiasi kikubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi tuna baraza na mabenchi. Tuna nyanya waliozika, waliolea, waliouza mandazi miaka 40. Kinachokosekana ni mtu wa kuwapa mafunzo na saa maalumu.

Kuhusu mwendo nitasema kidogo. Dakika 150 za kutembea kwa wiki zinatosha kuanzia, na bodaboda inatunyang'anya dakika hizo kwa bei ya vitunguu. Ukienda mjini mikono mitupu, nenda kwa miguu na jirani, mkizungumza. Kuhusu usingizi, nawasemesha vijana wangu wa kandanda: mechi ya saa tano usiku ikiisha, simu nayo ilale. Mwili uliokosa usingizi huamka na presha juu na njaa ya sukari.

Mwenyekiti, ninayo kalamu ya wino mzito hapa mezani, na akina mama niliwaomba jana waje na pakiti mpya ya chumvi, isiyofunguliwa. Kabla hatujaenda kunywa chai, kila mmoja aandike juu ya pakiti yake tarehe ya leo na idadi ya watu wa nyumba yake. Baada ya siku 20 nitapita mlango kwa mlango kuangalia kilichobaki, kuanzia nyumba yangu mwenyewe.