Sura Iliyofichwa kwenye Vinasaba: Kipi Kitaisaidia Kasese?

Fasili zitapitwa haraka, maana washiriki wa semina hii wanazijua. Vinasaba, au DNA kama wengi wanavyosema, hubeba urithi ambao mtu huupata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kipimo cha kawaida, kilichozaliwa katika maabara ya Alec Jeffreys huko Leicester, Uingereza, mwaka 1984, hufanya kazi kwa kulinganisha: sampuli ya eneo la tukio huwekwa kando ya sampuli ya mshukiwa au ya ndugu. Kubashiri sura ni kazi nyingine. Hapo hakuna wa kulinganishwa naye. Maabara husoma jeni zinazohusika na rangi ya macho, nywele na ngozi, kisha hutoa makadirio. Mfumo wa HIrisPlex-S, kwa mfano, husoma alama 41. Uholanzi iliuruhusu ubashiri wa aina hii kisheria mwaka 2003, Ujerumani mwaka 2019.

Haifai kuudharau. Mjini Baton Rouge, Marekani, mwaka 2003, polisi walikuwa wakimsaka Mzungu kwa sababu mashahidi walisema hivyo. Vinasaba vikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya asili ya muuaji ni Afrika. Msako ukageuzwa, na Derrick Todd Lee akakamatwa.

Lakini mpelelezi wa Bwera, mji wa wilaya ya Kasese mpakani mwa Uganda na Kongo, akiletewa majibu kwamba anayetafutwa ana macho ya kahawia iliyokoza, nywele nyeusi na ngozi nyeusi, ameambiwa nini? Ametajiwa karibu kila mtu anayevuka mpaka wa Mpondwe siku ya soko. Alama za macho na nywele zilitafutiwa Ulaya, ambako macho ya bluu na nywele nyekundu hutenganisha watu. Kuhusu ngozi, utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake uliochapishwa mwaka 2017 ulipima watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, ukaonyesha jinsi ngozi za Waafrika zinavyotofautiana na jinsi jeni zinazosababisha tofauti hizo zilivyo nyingi. Ni mwanzo mwema. Kuutoa uso wa mtu mmoja kwenye mirija ya maabara bado ni jambo la mbali.

Edmonton, Kanada, ilionja matokeo ya kujaribu hilo Oktoba 2022. Polisi walitangaza picha ya kompyuta ya mshukiwa wa ubakaji, kijana mweusi ambaye vinasaba vyake vilielekeza Afrika Mashariki. Malalamiko yakafurika, kwani picha ile ingeweza kuwa ya kijana yeyote mweusi mjini. Picha ikaondolewa, polisi wakaomba radhi.

Kasese ina sababu zaidi ya kuogopa. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu, lugha zao zinakaribiana sana, na mpaka umepita katikati yao. Baada ya mapambano ya Novemba 2016 kwenye kasri la mfalme wa Rwenzururu, ufalme wa Wakonzo, yaliyoua zaidi ya watu 100, familia nyingi bado zinaishi na kidonda cha kushukiwa kwa ajili ya kabila. Ripoti ya maabara itakayosema tu kwamba mhalifu ana asili ya watu wa Rwenzori itawaweka wote hao kwenye orodha ya washukiwa. Mwandaaji wa mada hii, ambaye maoni yake hayaisemei ofisi anayoitumikia, anaona huo si upelelezi.

Tatizo lililomkalia rohoni mwandaaji kwa miaka liko kwenye chumba cha maiti.

Usiku wa Juni 16, 2023, waasi wa ADF (Allied Democratic Forces) waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, isiyofika kilomita mbili kutoka mpaka wa Kongo. Zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Wasichana walikatwa kwa mapanga. Bweni la wavulana lilichomwa moto wakiwa ndani. Wazazi walikusanyika hospitali ya Bwera, lakini baadhi ya miili ilikuwa imeungua kiasi kwamba mzazi hakuweza kumtambua mwanawe. Ikabidi kutumia vinasaba. Haikuwa mara ya kwanza katika ukanda huu: Juni 8, 1998, wanafunzi 80 walichomwa katika mabweni ya Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, wilaya ya jirani ya Kabarole, wakazikwa katika kaburi la pamoja.

Katika msiba kama huo, rangi ya macho haina kazi. Mama anauliza yupi ni wake.

Na jina peke yake halimjibu. Wakonzo huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Bweni moja linaweza kuwa na kina Masereka kadhaa, na karatasi iliyoandikwa "Masereka, kidato cha pili" inaweza kuupeleka mwili kwa familia isiyo yake. Hapo ndipo kazi ya maabara inapoanza kuharibika, kabla sampuli haijafika Wandegeya, Kampala, iliko Maabara ya Serikali ya Uchunguzi.

Moto nao huvunja vinasaba vipande vipande. Nyama ya juu mara nyingi haifai tena. Magego na mfupa wa paja huhifadhi vinasaba kwa muda mrefu zaidi, na ndivyo vinavyopaswa kuchukuliwa kwanza, kila kimoja katika mfuko wake, chenye namba moja isiyobadilika tangu bwenini hadi maabara. Uokoaji wa haraka, wenye nia njema kabisa, huchanganya mabaki ya watoto wawili katika shuka moja, na baada ya hapo hakuna mashine inayoweza kumaliza mkanganyiko huo kwa wepesi.

Upande wa pili ni ndugu. Sampuli bora ni ya baba na mama wote wawili, ya mate tu, kwa kijiti cha pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu. Baba akiwa amefariki au yuko Beni, ng'ambo ya mpaka, ndugu wa tumbo moja husaidia. Ila kuna hofu isiyosemwa hadharani. Mwaka huohuo wa 2023 Uganda nzima ilikuwa ikizungumzia wanaume wanaopima vinasaba vya watoto wao. Mama aliyefiwa akisikia neno DNA, anaweza kufikiri kwamba ndoa yake nayo itapimwa. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa kipimo cha utambuzi kinaweza kufichua kwamba mume siye baba mzazi. Mama akikaa kimya au akikataa, mtoto anabaki namba. Kwa hiyo mama aambiwe mapema, faraghani, na mhudumu anayezungumza Lukonzo, kwamba jibu litakalotolewa ni moja tu: mwili huu ni wa familia hii.

Kenya imetoa somo lake kuhusu kuchelewa kwa utambuzi huko Shakahola, Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023. Familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye.

Mapendekezo yanafuata, na mengine yanarudia yaliyokwisha kusemwa, kwa makusudi. Ubashiri wa sura usitumike Kasese kuwakamata watu wala kuchapisha picha. Ukitumika, uwe wa ndani ya upelelezi na chini ya amri ya mahakama. Asili ya kabila isitajwe kamwe katika taarifa kwa umma. Hospitali ya Bwera iwe na akiba ya mifuko, vijiti vya pamba, lebo na friji yenye kufuli. Askari wa kwanza kufika afundishwe kutokusanya mabaki kabla hayajapigwa picha na kupewa namba. Shule za bweni za mpakani zitunze daftari lenye jina kamili, majina ya wazazi wote wawili, kijiji na simu, na nakala yake ikae nje ya shule. Jina la mpangilio wa kuzaliwa peke yake halitoshi, jambo ambalo lazima lisemwe tena. Wenyeviti wa vijiji (LC1) wahusishwe kuwatafuta ndugu, wakiwemo walioko Kongo. Sampuli za ndugu zitumike kwa utambuzi tu, ziharibiwe kazi ikiisha, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 iheshimiwe. Siri ya mama ilindwe. Na fedha zikiwa chache, magego na vijiti vya pamba vitangulie programu za kuchora nyuso.

Washiriki wanaombwa wasiondoke kabla ya kukubaliana juu ya fomu moja ya familia, kwa Lukonzo, Kiswahili na Kiingereza, ichapwe na kuwekwa Bwera na Kasese sasa, wakati hakuna msiba.